Nafasi ya Kocha kwenye Bango

Niliseme hili mapema ili mtu asije akanibishia mbele ya safari: shemeji yangu hapendi mpira. Hajui kuotea ni nini, na kila akielezwa huitikia "aha" kwa heshima tu, kama mtu anayesimuliwa ugonjwa wa jirani asiyemfahamu. Lakini hakuna mtu katika mtaa huu aliyeishikilia timu ya Karakana kama yeye. Nasema hivyo nikiwa kinyozi, mtu ambaye kila siku nashika vichwa vya wanaume wanaoapa kwamba wao ndio mashabiki wa damu. Vichwa hivyo navijua vyote. Timu ikianza kufungwa, vingi sivioni tena uwanjani.

Shemeji ni mke wa kaka yangu mkubwa. Kaka anaitwa Nati, na hata mama yetu, alipokuwa hai, alifika mahali akaliacha jina alilompa mwenyewe akamwita hivyo. Jina alilipata kule karakana ya mabehewa alikoanza kazi kabla hajaota ndevu. Mfupi, mpana wa mabega, na akishakaza msimamo wake huna spana ya kumfungua. Shemeji ni fundi cherehani. Cherehani yake iko barazani, ukuta mmoja na saluni yangu, kwa hiyo tunasikiana siku nzima, yeye akikanyaga pedali, mimi nikinguruma na mashine ya kunyolea. Wateja wageni hudhani tunagombana. Ni utani tu. Shemeji asiyetaniwa huyo bado hajafika nyumbani.

Timu yetu ilianzishwa na wafanyakazi wa karakana hiyo, ndiyo maana ikaitwa hivyo. Uwanja wetu una upande wenye paa, wanakokaa viongozi na wageni wao, na upande usio na paa, ambao ndio wetu, Jukwaa la Jua. Pale kwetu kuna bango. Ni turubai la samawati lililokuwa likifunikia mizigo kwenye mabehewa, limevishwa miti miwili, na juu yake limeshonewa herufi nyeupe za kitambaa: KARAKANA. Chini ya herufi hizo kuna nafasi, na nafasi hiyo ni ya kocha. Lakini haiandikwi jina alilopewa na wazazi wake. Kocha mpya akija, jukwaa linamtazama, linamsoma tabia, kisha linampa jina lake. Hilo ndilo linaloshonwa. Kocha ambaye hajashonwa, kwetu ni mgeni, hata picha yake ijae magazeti yote.

Shemeji aliingia katika mambo haya kwa mlango wa nyuma. Kaka alipokuwa bado anamchumbia, alimleta uwanjani siku moja akidhani anamfurahisha. Msichana wa watu akakaa juani mchezo mzima akitazama bango, siyo mpira. Walipotoka, kaka akamuuliza ameuonaje mchezo.

"Ile R imepinda," akasema.

Kaka akacheka. Yeye hakucheka. Akauliza tena, "Aliyeshona pale alikuwa na haraka ya kwenda wapi?" Wiki iliyofuata akalibeba bango mwenyewe, akalifumua lote, akalishona upya. Tangu hapo watu humwita Mama Bango, na walianza kumwita hivyo hata kabla hajawa mama wa mtu.

Kocha wa kwanza aliyemshona aliitwa Mlezi. Huyo alidumu. Wachezaji walioa wakiwa chini yake, wakazaa, watoto wao wakaja kuokota mipira mazoezini. Herufi za Mlezi shemeji alizipiga mishono miwili, maana hakuna aliyedhani zitakuja kufumuliwa. Alipochoka aliondoka kwa hiari yake, na Jukwaa la Jua lilisimama lote kumuaga.

Baada yake ndipo vilipoanza vituko. Mwenyekiti wa klabu aliyeingia wakati huo, na ambaye yupo mpaka leo, ni mfanyabiashara wa saruji na mabati, na nadhani amezoea kwamba ukuta ukipata ufa unaubomoa na kujenga mwingine. Akamleta Suti, aliyevaa suti na tai juani mpaka tukamwonea huruma. Akamtimua. Akamleta Profesa, ambaye ubao wake ulikuwa na mishale mingi kuliko wachezaji, na unga wake ukamwagika kabla mishale haijafika popote. Akaja Kimya, ambaye hakusema neno siku aliyokuja wala siku aliyofukuzwa. Wawili kati ya hao niliwanyoa mimi, na mtaani ikazuka hadithi kwamba kocha akikalia kiti changu, nywele haziwahi kuota tena kabla hajafungashiwa virago. Uzushi mtupu. Mbaazi ukikosa maua husingizia jua, na timu ikikosa magoli husingizia kinyozi.

Kila mmoja alipoondoka, shemeji alifumua. Kila mmoja alipokuja, shemeji alishona. Nasi tulishangilia kila mara kama vile hatujawahi kudanganywa, maana kipya kinyemi ingawa kidonda. Yeye alikuwa anavuta uzi tu, uso umekunjamana, na ukimuuliza mbona hafurahi, anakujibu kwamba turubai lile ndilo linalofurahi kwa niaba yake.

Msimu uliopita alikuja mtu wa makamo mwenye kiganja kinachoshuka chini muda wote, kama anayemtuliza mtoto. Tukamwita Taratibu. Alitukuta mkiani na akatuvuta hatua kidogo, tukaanza hata kucheka vizuri jukwaani. Kisha tukafungwa mfululizo, na Mwenyekiti akamtimua msimu ukiwa ukingoni. Hilo tungelimeza, koo zetu zimezoea. Ila mtu aliyeletwa badala yake alikuwa ametoka kwa watani wetu wa ng'ambo ya mto. Na si kutoka tu. Huyu huyu, mwaka mmoja nyuma, timu yake ilipotufunga kwetu, alikuja mbio mpaka mbele ya Jukwaa la Jua akaweka kidole mdomoni. Alitunyamazisha mbele ya watoto wetu, kwenye uwanja wetu.

Basi jukwaa likakataa kumpa jina.

Siku chache kabla ya mechi ya mwisho, mechi ambayo lazima tushinde la sivyo tushuke daraja, alikuja barazani kiongozi wa jukwaa letu. Tunamwita Spika, kwa sababu sauti yake haihitaji umeme. Naye alikuwa fundi wa karakana, alifanya kazi meza moja na kaka. Mimi nilikuwa namnyoa mteja, mlango uko wazi.

"Mama Bango, tumekubaliana," akasema. "Siku ile haendi mtu. Tunasusa."

Shemeji alikuwa anapinda sketi ya shule, hakuinua kichwa. "Mmekubaliana nani na nani?"

"Jukwaa."

"Jukwaa ni saruji ile, baba. Nani na nani?"

"Wanachama, mama. Yule mtu hatuwezi kumpa jina. Na bango lisilo na kocha halitoki nje, ndiyo desturi yetu."

"Desturi naijua. Mimi ndiye ninayeishona."

"Basi liache ndani. Timu ishuke, Mwenyekiti aone aibu."

Shemeji akakata uzi kwa meno. "Mwenyekiti ataonea aibu yake dukani, amekalia mifuko ya saruji. Wewe utakuwa wapi?"

Spika akakohoa, akanigeukia mimi. "Kinyozi, hebu ongea na shemeji yako."

"Kinyozi hajinyoi, ndugu yangu," nikamwambia. "Leta kichwa nikunyoe. Mengine siyawezi."

Shemeji akamsindikiza kwa neno moja tu. "Ukisusa, wenzio wala. Kawaambie hivyo."

Ili uuelewe moyo wake siku hiyo, lazima ujue karakana ilivyofungwa. Haikufungwa kwa kishindo. Leo idara hii, kesho idara ile, watu wanachukua vyombo vyao vya chakula na kupita getini vichwa chini. Kaka alirudi nyumbani mchana mmoja na ovaroli yake begani, akaitundika kwenye msumari nyuma ya mlango wa chumba chao, na pale ndipo ilipokaa miaka yote hiyo. Haikuguswa. Shemeji hakuruhusiwa hata kuifua. Lakini aliniambia zaidi ya mara moja kwamba kilichomuuma siyo kazi kwisha, kazi huisha. Kilichomuuma ni kwamba siku geti linafungwa mnyororo, hakuwapo mtu pale. Kila mmoja alibaki kwake akidhani wenzake watakwenda. Baada ya hapo wanaume wale hawakuwa na mahali pengine pa kukutana isipokuwa Jukwaa la Jua. Pale ndipo walipojuliana hali, nani kalazwa, binti wa nani anaolewa, nani hajaonekana na kwa nini.

"Na hili likifungwa," shemeji aliniambia, Spika alipokwisha kuondoka, "litafungwa mimi nikiwa pale. Bango likiwa juu."

Nikamuuliza nani atashika miti. Hilo lilikuwa swali la haki. Miaka yote mti wa kulia nimeshika mimi, na wa kushoto kaka, na kaka sasa alikuwa amekula kiapo. Tangu Taratibu atimuliwe alikaa nyumbani na redio yake mapajani, anasema hasikilizi mpira, anasikiliza taarifa ya habari. Ajabu ni kwamba taarifa hiyo ilikuwa na mwamuzi na kona. Kila aliyepita alielezwa jambo lile lile. "Mguu wangu hauendi tena pale. Kocha anakuja, kocha anakwenda, na wote wanampanga beki yule yule wa kushoto. Hata mimi na goti langu hili ningeifundisha timu ile." Maneno hayo ya mwisho ameyasema katika saluni yangu mpaka wateja wakawa wanammalizia.

"Nitashika mimi," akasema shemeji.

"Una nguvu hiyo?"

"Sina. Nitashika hivyo hivyo."

Mchana wa siku iliyotangulia mechi alilitandaza bango barazani ili amfumue Taratibu. Nilimwambia amwache, mtu alikuwa mzuri. Akasema mtu aliyefukuzwa hatundikwi juani watu wakamtazame, ni kumwongezea. Akaingiza wembe kwenye uzi wa herufi ya kwanza, taratibu kama jina lenyewe. Nikalisikia turubai linatoa sauti ya kupasuka. Nikatoka na mashine mkononi, mteja wangu kichwa nusu.

Nafasi ya kocha ilikuwa imechanika kutoka mwanzo mpaka mwisho. Si ajabu. Pale pamepita sindano ya Mlezi, ya Suti, ya Profesa, ya Kimya, na za wengine ambao hata jukwaa limesahau kwa nini liliwaita walivyoitwa. Kitambaa kilikuwa kimebaki matundu kama chujio. Shemeji alikaa na mikono yake mapajani. Nimeishi naye ukuta kwa ukuta miaka mingi, na sikuwahi kuiona mikono hiyo ikikaa bure mchana. Niliogopa, nisiseme uongo. Nilidhani hapo ndipo atakaposema basi.

Akainuka, akaingia ndani. Akatoka na ovaroli.

"Shemeji," nikasema, "hiyo ni..."

"Najua ni nini."

"Kaka atawaka."

"Awake. Tutapata mwanga."

Akaipima kwa mkono. Magoti yalikuwa yameisha, makalio yamekuwa laini kama leso, viwiko vimetoboka. Palipokuwa pazima na papana ni kifuani tu. Akashika mkasi, akavuta pumzi moja, akakata. Kaka wakati huo alikuwa uani nyuma ya nyumba na taarifa yake ya habari, na kwa kuwa mkasi wa shemeji haujawahi kunyamaza katika nyumba ile, hakushtuka.

Kile kipande cha kifuani kilikuwa na mfuko, na juu ya mfuko palikuwa na maandishi ya uzi mwekundu, herufi kubwa: NATI. Shemeji mwenyewe ndiye aliyetarizi jina lile walipokuwa bado maarusi, kwa sababu ovaroli za karakana zilikuwa zikichanganyika zikifuliwa, kaka akawa anarudi nyumbani na suruali za watu warefu. Akakiweka kile kipande juu ya mpasuko, akakizungushia mishono miwili, akageuza, akazungushia tena. Iliyobaki, ile miguu ya suruali, aliirudisha msumarini.

"Na mfuko?" nikamuuliza.

"Una nini?"

"Una jina la mtu."

"Nimechoka kufumua, shemeji," akasema. Mteja wangu alikuwa amesimama mlangoni na nusu ya nywele zake, anatusikiliza kama mahakamani. Nikamrudisha kitini.

Siku ya mechi tulilibeba bango begani, mimi mbele yeye nyuma, likiwa limekunjwa kwenye miti yake. Njiani watu walituuliza tunakwenda kumzika nani. "Njooni mtamwona," akawajibu, na hakupunguza mwendo. Getini tulimkuta Spika na kundi lake wamesimama wamekunja mikono, wengi wao wakiwa na jezi mwilini. Mimi huona hivyo mara nyingi: mtu anasusa chakula huku amenawa mikono.

"Mama Bango, utakuwa peke yako ndani," Spika akamwambia, safari hii kwa sauti ya chini.

"Peke yangu na nani? Timu si iko ndani?"

Tukapita. Jukwaa la Jua lilikuwa na watu wa kuhesabika, wengi watoto na wazee wasiosikia habari za mgomo. Tukapanda mpaka mahali petu, tukakunjua. Upepo ukalidaka turubai, mti wa shemeji ukamvuta nusura umwangushe, akatia mguu kwenye ufa wa ngazi na kukaza. Nikamwambia tushushe kidogo apumzike. Akauinua mti juu zaidi.

Ndipo watu wakaisoma ile nafasi. Kwanza ulipita mnong'ono, kisha mtoto mmoja akasoma kwa sauti, "Na-ti," na mzee aliyekuwa chini yetu akageuka akapaza sauti kuelekea getini, "Kocha kapewa jina! Anaitwa Nati!"

Spika aliingia akikimbia. Hasira ilikuwa imempanda mpaka masikioni. Kwamba jina limetolewa bila yeye, kwamba jukwaa limegeukwa, kwamba nani kathubutu. Na alivyoingia yeye, wale wote waliokuwa wamesusa wakaingia nyuma yake wakaone, na waliokuwa mtaani wakasikia zogo nao wakaja. Akafika chini ya bango akanyanyua uso. Aliijua rangi ile ya kitambaa. Aliujua mfuko ule, maana aliutazama upande wa pili wa meza maisha yake yote ya kazi. Mdomo wake uliokuwa umefunguka kutukana ukabaki wazi, kisha akaanza kucheka, akacheka mpaka akashika tumbo, na kilichofuata kicheko hicho kilikuwa wimbo. "Nati, kaza! Nati, kaza!" Jukwaa likapokea.

Kocha mpya alikuwa amesimama kando ya mstari, ametugeuzia mgongo kama mtu anayetegemea kupigwa mawe. Aliposikia akageuka. Akalitazama bango kwa muda mrefu. Kisha akaweka kiganja kifuani na kuinamisha kichwa, maana alijua desturi yetu, kila mtu kwenye ligi anaijua, naye alidhani amepewa jina. Hatukujua tutazame wapi. Kuku mgeni hakosi kamba mguuni, na huyu kamba yake tuliifunga wenyewe, lakini siku ile nilimwonea huruma. Spika mwenyewe aliangalia viatu vyake.

Tulifungwa mapema. Mpira ukaelekea mapumziko, na shemeji bado hajashusha mti. Alikuwa ameuegemeza begani, ameuma midomo.

Nilimwona kaka kabla shemeji hajamwona. Alikuwa anapanda ngazi kwa kandambili, goti linachechemea, redio mkononi bado inaongea. Tulielezwa baadaye kwamba mtangazaji alisema mashabiki wa Karakana wanaimba jina la Nati, na kwamba yeye amepekua kikosi chote hamwoni mchezaji huyo. Kaka akainuka avae shati aje aone upuuzi gani huo. Shati lake hutundikwa nyuma ya mlango. Akaukuta msumari na miguu miwili ya suruali.

Watu wakampisha. Wimbo ukafa wenyewe.

"Nani kakata ovaroli yangu?"

"Mimi," akasema shemeji.

Kaka akalitazama bango. Alitazama kile kipande, mishono, uzi mwekundu uliofifia. Taya yake ilikuwa inacheza. Namjua kaka yangu, alikuwa anatafuta mahali pa kuanzia, na pote palikuwa pabaya.

"Sawa, umekata," akasema mwishowe. "Kwa nini hukufumua mfuko?"

Shemeji alikuwa hana pumzi ya kutosha, akaitafuta. "Nimewafumua makocha wote hao," akasema. "Wewe sikufumui."

Kaka akampa mtoto aliyekuwa karibu ile redio ashike, akaingia chini ya mti wa kushoto, akaweka mikono yake juu ya mikono ya mkewe, kisha akamwondoa polepole, mkono mmoja mmoja. Shemeji akakaa pale pale kwenye ngazi. Nikafuta macho na kujifanya nimeingiwa na vumbi.

Kipindi cha pili jukwaa liliimba bila kupumua. Kaka alifundisha timu kutoka pale juu, mti mkononi, kwa sauti kubwa na bila kuulizwa. Alimtukana beki wa kushoto kwa utaratibu, mguu wa kulia kwanza, kisha wa kushoto. Na ni beki huyo huyo, wakati tulipokuwa tumeanza kukata tamaa, aliyepanda na kona isiyomhusu na kuupiga mpira kwa kichwa mpaka wavuni. Uwanja ukalipuka. Nikamgeukia kaka nimwone uso.

"Siku zote nimesema yule acheze mbele," akasema.

Lakini bao la pili halikuja. Filimbi ya mwisho ikalia tukiwa sare, na sare haikutosha. Tulishuka daraja. Upande wenye paa ulikuwa umekwisha kumwagika, Mwenyekiti ameondoka kabla ya filimbi. Kwetu watu walianza kutazamana, na nikaona baadhi yao wanageukia ngazi, vichwa chini, wanapita mmoja mmoja kimya kimya. Nikajua shemeji anaona nini. Alikuwa anaona geti la karakana.

Akainuka. "Msishushe," akatuambia mimi na kaka. Kisha akawageukia wale wanaoondoka, yeye ambaye hajawahi kuimba hata siku moja, akaanza wimbo kwa sauti isiyojua muziki kabisa. "Nati, kaza." Ilikuwa mbaya ile sauti. Spika akarudi kuiokoa. Wakarudi na wengine, na tukasimama pale mpaka wachezaji wakaja mbele yetu, wengine wanalia, beki wa kushoto akiwa wa kwanza. Kocha alikuja nyuma yao. Alisimama chini ya bango, akamtazama kaka, kwa kuwa ndiye aliyekuwa karibu.

"Asanteni kwa jina," akasema. "Sikustahili."

Hakuna aliyemsahihisha. Kaka akasafisha koo. "Karibu," akamwambia.

Jumatatu yake Mwenyekiti akamtimua.

Sasa tuko daraja la chini, tunacheza kwenye viwanja ambavyo upande wa jua ndio upande pekee. Juzi Spika alikuja tena barazani, amechangamka, anasema kocha mpya ameonekana ni mtu mzuri, kijana, mkali kidogo, na jukwaa limempa jina la Pilipili. Amshone.

"Wapi?" akauliza shemeji.

"Pale kwenye nafasi ya kocha, Mama Bango. Pale pale."

"Pale pana mtu."

"Mama, ule si ni mfuko wa ovaroli tu."

Shemeji akasimamisha pedali. "Makocha waimbeni kwa midomo," akasema. "Midomo haitoboki." Akaendelea kushona. Spika akanitazama, nami nikamwonyesha kiti, akakaa nikamnyoa.

Kaka hakusikia lolote la mazungumzo hayo. Alikuwa uani anaipaka rangi ile miti miwili, redio pembeni. Nyuma ya mlango wa chumba chao, shemeji ananiambia, sasa pana shati tu, na ile miguu miwili ya suruali kaka ameikata mwenyewe vipande, kampelekea. Alisema turubai litahitaji viraka vingine.